Rehani, Mahakama na Askari Aliye Mbali na Nyumba Yake

Ndugu wasikilizaji, askari wa jeshi na wa polisi mlioko Kasese, Bwera, Mpondwe na kila mahali mnapolinda usalama wa nchi hii, maelezo yetu ya leo yanahusu jambo lisilo na mlio wa bunduki, lakini ambalo limewatoa watu wengi majumbani mwao. Jambo hilo ni rehani: nyumba au shamba kuwekwa mikononi mwa mkopeshaji kuwa dhamana ya deni.

Yamkini mtu atauliza, askari ana nini na rehani? Jibu ni kwamba anahusika nayo kwa njia mbili. Kwanza, askari ni mdaiwa anayependwa na wakopeshaji, maana mshahara wake hulipwa na Serikali na huja kila mwezi. Pili, mnada unapokwisha na mwenye nyumba akakataa kutoka, askari wa polisi ndiye anayeitwa kusimama langoni. Basi mtu huyu mmoja anaweza kuwa ndani ya nyumba inayouzwa, na kesho yake akawa nje ya nyumba ya mwenzake inayouzwa. Kwa sababu hiyo yafaa ajue historia ya jambo lenyewe.

Rehani husimama juu ya nguzo mbili. Nguzo ya kwanza ni uwezo wa mkopaji kulipa. Nguzo ya pili ni bei ya nyumba. Maadamu bei inapanda, makosa ya mkopeshaji hufichika, kwa kuwa nyumba ikiuzwa deni hulipika na pengine hubaki chenji. Bei ikianguka, mambo yote yaliyofanywa gizani huonekana: nani alikopeshwa pasipo uwezo, hati gani haikutiwa sahihi ipasavyo, na nani hasa anayeshika karatasi ya nyumba. Hapo ndipo mawakili huanza kazi yao, na Serikali hufuata nyuma ikitunga sheria.

Mfano mkubwa wa zama zetu ulitokea Marekani. Huko bei za nyumba zilipanda kwa miaka mingi hadi mwaka 2006, kisha zikaanza kushuka. Wakopeshaji walikuwa wamewapa mikopo watu ambao mapato yao hayakuchunguzwa, halafu wakaziuza hati za madeni hayo kwa wengine, na hao wakaziuza kwa wengine tena, hata deni la nyumba moja likawa limepita katika mikono mingi. Septemba 1978 au hata 1998 pengine mambo hayo yangeishia katika mji mmoja. Lakini Septemba 2008 yalitikisa dunia. Tarehe 7 ya mwezi huo Serikali ya Marekani ilichukua usimamizi wa mashirika makubwa mawili ya rehani, Fannie Mae na Freddie Mac, na tarehe 15 benki ya Lehman Brothers ikaomba kufilisika.

Kesi zilizofuata zilikuwa nyingi mno. Mwaka 2010 iligunduliwa kwamba watumishi wa benki kubwa walikuwa wakitia sahihi maelfu ya hati za kiapo, ili nyumba zipate kuuzwa, bila ya kusoma kilichomo. Walikuwa wakiapa juu ya mambo wasiyoyajua. Februari 2012 Serikali kuu pamoja na majimbo 49 walipatana na benki tano kubwa kwa jumla ya dola bilioni 25. Novemba 2013 benki ya JPMorgan Chase ilikubali kulipa dola bilioni 13, na Agosti 2014 Bank of America ikakubali dola bilioni 16.65, kwa sababu ya hati za madeni ya nyumba zilizouzwa kwa udanganyifu. Kabla ya hapo, Julai 2010, ilipitishwa sheria iitwayo Dodd-Frank, iliyounda ofisi maalumu ya kuwalinda watumiaji wa huduma za fedha, na kumlazimisha mkopeshaji ahakikishe kwanza kwamba mkopaji anao uwezo wa kulipa.

Ndani ya habari hiyo ndefu kuna sura inayowahusu wanajeshi. Tangu mwaka 1940, vita vya pili vya dunia vikiwa vimekwisha kuanza Ulaya, Marekani ilikuwa na sheria ya kuwalinda askari na mabaharia dhidi ya wadai, na sheria hiyo iliandikwa upya mwaka 2003. Inasema kwamba riba ya deni ambalo askari alilichukua kabla ya kuingia katika utumishi haitazidi asilimia 6 wakati wa utumishi wake. Inasema pia kwamba nyumba aliyoiweka rehani kabla ya utumishi haitauzwa bila ya amri ya mahakama, wakati yumo kazini na kwa muda baada ya hapo. Sababu yake ni nyepesi kueleweka. Mtu aliye vitani hawezi kupokea notisi iliyobandikwa mlangoni kwake, wala hawezi kufika mbele ya hakimu kujitetea.

Hata hivyo, sheria hiyo ilikanyagwa. Mei 2011 kampuni ya Countrywide, iliyokuwa imenunuliwa na Bank of America, ilikubali kulipa dola milioni 20 kwa sababu ya nyumba za askari wapatao 160 zilizouzwa kinyume cha sheria. Februari 2015 Wizara ya Sheria ya Marekani ilitangaza kwamba askari 952 watalipwa zaidi ya dola milioni 123 kwa kosa la namna hiyo hiyo. Zingatieni jambo hili, ndugu wasikilizaji. Swali lililoamuliwa halikuwa kwamba askari wale walikuwa na deni au hawakuwa nalo. Wengi wao deni walikuwa nalo. Swali lilikuwa: je, nyumba iliuzwa kwa utaratibu uliowekwa?

Tukirudi hapa kwetu Uganda, tunaona kwamba soko la nyumba liliwahi kuanguka miaka mingi kabla ya lile la Marekani, ila lilianguka kwa amri. Agosti 1972 Serikali ya Idi Amin iliwaamuru Waasia kuondoka nchini katika siku 90. Nyumba, maduka na viwanda vikaachwa. Mali hizo ziliwekwa chini ya Bodi ya kutunza mali ya Waasia walioondoka, na nyingi zikagawiwa watu waliokuwa karibu na utawala, wakiwemo maofisa wa jeshi. Mwaka 1975 ikatoka amri nyingine, ya Mabadiliko ya Ardhi, iliyofanya ardhi yote ya nchi kuwa ya umma, na milki za kudumu za watu binafsi zikageuzwa kuwa kodi ya miaka 99.

Matokeo ya amri hizo kwa mikopo hayakuonekana siku ile ile. Nyumba iligawiwa kwa mtu, naye akaiuza au akaiweka rehani. Kumbe msingi wake ulikuwa mchanga. Sheria ya Mali Zilizotwaliwa ya mwaka 1982 ilipotungwa, ilitangua mauzo, uhamisho na shughuli za kila namna zilizofanywa juu ya mali hizo. Mwenye nyumba wa zamani alipewa njia ya kudai chake, na aliyenunua kwa mgawiwa alijikuta mikononi ana karatasi isiyo na uzito. Mkopeshaji aliyeipokea nyumba kama hiyo kuwa dhamana naye akapoteza dhamana. Kesi za mali hizo ziliendelea mahakamani kwa miongo kadhaa. Wapo maofisa waliopata nyumba kwa amri ya siku moja, na watoto wao wakatolewa humo kwa hukumu ya mahakama.

Katika miaka hiyo hiyo, mwaka 1974, ilitungwa Amri ya Rehani. Ilikuwa fupi, na ilimpendelea mkopeshaji. Hati ya rehani ikiwa imempa uwezo huo waziwazi, aliweza kuiuza nyumba bila ya kwenda mahakamani. Mdaiwa aliyekuwa na malalamiko ndiye aliyepaswa kukimbilia kwa hakimu, aghalabu mnada ukiwa umekwisha kutangazwa. Sheria hiyo ilidumu zaidi ya miaka 30.

Kisha wakopeshaji wenyewe wakaanguka. Mwaka 1993 ilifungwa Teefe Trust Bank. Septemba 1998 ikafungwa International Credit Bank. Aprili 1999 Greenland Bank. Na Mei 1999 Cooperative Bank, iliyokuwa benki ya vyama vya ushirika vya wakulima. Katika wilaya ya pamba na kahawa kama Kasese, habari ya kufungwa kwa benki ya ushirika si habari ya mjini peke yake. Mwaka 1999 Serikali iliunda tume ya uchunguzi chini ya Jaji James Ogoola. Ilionekana kwamba benki zilikuwa zimewakopesha wenyewe na jamaa zao, na kwamba msimamizi hakuziona hatari mapema. Kutokana na mafunzo hayo ilitungwa Sheria ya Taasisi za Fedha ya mwaka 2004, iliyoweka mipaka ya mikopo kwa wenye benki na kuipa Benki Kuu uwezo wa kuingilia kati mapema zaidi.

Mtu wa kawaida hudhani kwamba benki ikifa, deni nalo limekufa. La, hasha. Benki hufa, lakini hati ya ardhi iliyokuwa katika kabati lake haifi. Madeni ya benki tatu zilizofungwa mwaka 1998 na 1999 yalibaki mikononi mwa Benki Kuu, na mwaka 2007 yakauzwa kwa kampuni iitwayo Nile River Acquisition. Kamati ya Bunge inayochunguza mashirika ya umma ilipolichunguza jambo hilo, ikatoa taarifa yake Februari 2019 na kueleza kwamba madeni ya thamani ya takribani shilingi bilioni 135 yaliuzwa kwa takribani shilingi bilioni 9, na kwamba hapakuwa na mwongozo maalumu wa kuuza mali za benki zilizofungwa. Kwa hiyo mtu aliyeweka shamba lake rehani kwa benki aliyoijua, alijikuta anadaiwa na kampuni asiyoijua. Hayo ndiyo yaliyowapata Wamarekani pia: deni lilihama, na mdaiwa akabaki anauliza amlipe nani na hati yake iko wapi.

Ndipo tunapofika kwenye Sheria ya Rehani ya mwaka 2009, iliyoanza kutumika mwaka 2011 na kufuatiwa na kanuni zake za mwaka 2012. Sheria hii iliizika ile ya 1974. Kila askari mwenye nyumba, au anayetarajia kujenga, yafaa ayajue mambo matano yaliyomo.

La kwanza, mtu anaweza kuweka rehani ardhi ya milki ya namna yoyote, pamoja na ile ya kimila. La pili, nyumba ya ndoa haiwezi kuwekwa rehani kihalali bila ya idhini ya mume au mke wa mkopaji, na mkopeshaji anawajibika kuchunguza kama idhini hiyo ipo kweli. La tatu, mdaiwa akishindwa kulipa hupewa notisi ya siku 45 za kazi ili arekebishe, na kabla ya nyumba kuuzwa hutolewa notisi nyingine ya siku 21 za kazi. La nne, mkopeshaji anapouza ni wajibu wake kutafuta bei bora inayoweza kupatikana, na mali iwe imethaminiwa katika muda usiozidi miezi 6 kabla ya mauzo. La tano, mdaiwa anaweza kuiomba mahakama iuahirishe mnada, lakini mahakama yaweza kumtaka aweke kwanza asilimia 30 ya thamani ya nyumba inapouzwa kwa lazima, au ya deni lililosalia.

Jambo hilo la tano limeleta ubishi mkubwa mahakamani. Wakopeshaji husema kwamba bila ya asilimia 30 kila mdaiwa mkaidi angefungua kesi ili apate kulala katika nyumba miaka mitano bila ya kulipa, na fedha zinazokopeshwa ni akiba za wananchi wengine. Wadaiwa husema kwamba mtu aliyekosa fedha za kulipa deni hawezi kuzipata fedha za kununua haki ya kusikilizwa. Pande zote mbili zina hoja. Lililo wazi ni kwamba askari atakayengoja hadi siku ya mnada ndipo atafute wakili, amekwisha kuchelewa.

Sasa tuyatazame mambo haya katika Kasese na Bwera. Mji wa Kasese ulikua kwa reli na shaba. Mwaka 1956 reli ilifika Kasese na mgodi wa Kilembe ukaanza kutoa shaba, na mapema miaka ya 1980 uzalishaji wa shaba ulikuwa umekwisha. Mji uliojengwa juu ya kazi moja hufundisha somo ambalo mthamini wa benki hawezi kulisahau: bei ya nyumba hutegemea kazi iliyo karibu nayo. Mto Nyamwamba ulipofurika Mei 2013, na tena Mei 2020, ulibeba nyumba na mashamba. Novemba 1996 waasi wa ADF walipoishambulia Mpondwe na Bwera, watu waliyakimbia makazi yao. Maji na risasi haviulizi kama nyumba imewekwa rehani. Nyumba huondoka, na deni hubaki limesimama. Kwa hiyo mkopaji wa bonde na wa mpakani anabeba hatari ambayo mkopaji wa kilimani Kampala haijui, naye yafaa apime deni lake kwa kipimo cha hatari hiyo.

Zaidi ya hayo, ardhi nyingi ya milimani na ya mpakani ni ya kimila, isiyo na hati ya serikali kuu. Sheria ya Ardhi ya 1998 iliweka cheti cha umiliki wa kimila, lakini watu wengi bado hukopeshana kwa karatasi ya mapatano iliyoshuhudiwa na mwenyekiti wa LC1. Mara nyingi karatasi hiyo huandikwa kana kwamba shamba limeuzwa, na neno mkopo halimo kabisa. Siku ya ugomvi, hakimu husoma kilichoandikwa. Mali bila daftari hupotea bila habari; na daftari la uongo hupoteza mali kwa haraka zaidi.

Kwa wakopeshaji wadogo wa mitaani ipo Sheria ya mwaka 2016 ya taasisi ndogo za fedha na wakopeshaji binafsi. Inamtaka mkopeshaji awe na leseni, na imeunda mamlaka ya kumsimamia. Inamkataza pia kushika kuwa dhamana kitambulisho cha taifa, pasipoti, kitambulisho cha kazi cha polisi, kadi ya benki au namba yake ya siri. Askari aliyemwachia mkopeshaji kadi yake na namba ya siri amemwachia mshahara wake wote, hata kabla mke wake Bwera hajaona senti moja. Si ajabu basi kwamba jeshi na polisi walianzisha vyama vyao vya akiba na mikopo, Wazalendo kwa upande wa jeshi na Exodus kwa upande wa polisi, ili askari apate mkopo kwa wenzake.

Kuna neno kwa askari wa polisi anayeitwa kusimamia kutolewa kwa watu. Mwaka 2019 Mahakama Kuu iliamua kwamba kukosekana kwa utaratibu wa kutosha wa kuwatoa watu katika ardhi kunavunja haki zao, na mwaka 2021 Jaji Mkuu akatoa maelekezo juu ya jambo hilo. Dalali si hakimu, na barua ya benki si amri ya mahakama. Askari anayeomba aonyeshwe amri, akaisoma jina na mipaka ya ardhi iliyotajwa, hamzuii mdai kupata haki yake. Anamlinda mdai, mdaiwa na nafsi yake mwenyewe. Tukumbuke wale watumishi wa benki za Marekani waliotia sahihi pasipo kusoma: gharama ya uvivu wao ilihesabiwa kwa mabilioni.

Katika kulinganisha, twaona pengo moja. Sheria yetu ya Rehani inamlinda mke wa askari kwa kutaka idhini yake, lakini haina kifungu kinachosimamisha mnada kwa sababu mwenye nyumba yuko vitani. Siku 45 za notisi zinamtosha mtu aliye mjini. Kwa aliye katika operesheni ng'ambo ya mpaka, zinaweza kwisha kabla ya barua kumfikia. Jambo hilo lastahili kufikiriwa na watunga sheria, kwani anayelinda milki za wengine asipoteze yake kwa sababu tu yuko zamu. Pengo hilo litakapozibwa, ni Bunge litakalosema. Hadi hapo, kinga ya askari imo katika mambo anayoweza kuyafanya leo: asome hati kabla ya kutia sahihi, amwachie mke wake nakala, ampe mtu anayemwamini mamlaka ya kisheria ya kupokea barua zake, na aombe risiti ya kila malipo.

Wazee wetu walisema kukopa harusi, kulipa matanga. Historia ya rehani, ya hapa na ya ng'ambo, inaongeza kwamba matanga huwa mazito zaidi kwa yule asiyejua karatasi yake iko mikononi mwa nani.